Pumzi inayopimwa kwa uniti za LUKU

Na Mwandishi Maalumu, Dar es Salaam

SAA kumi na moja jioni, Buguruni. Umeme unakatika. Redio ya kinyozi inanyamaza katikati ya wimbo, feni ya jirani inazunguka mara mbili tatu ikichoka, na katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mashine yenye kimo cha ndoo kubwa ya maji inaanza kulia mlio mkali usiokatika.

Kijana aliyekuwa akinisimulia habari za mama yake anaruka hadi mlangoni. Swali lake la kwanza analitupa uani, kwa yeyote aliye karibu: "Ni LUKU au ni mtaa?" Yaani, uniti za mita zimeisha, au umeme umekatika mtaa mzima?

Ni mtaa.

Bibi hasemi kitu. Ameketi ukingoni mwa kitanda, viwiko juu ya magoti, midomo ameibana kama anayepuliza chai ya moto. Mjukuu wake wa kike, wa miaka tisa hivi, anachomoa kipepeo cha ukili kwenye msumari ukutani na kuanza kumpepea usoni taratibu. Hakuna aliyemwambia. Kipepeo hicho ndicho kilichochochea mkaa wa vitumbua vya familia hii kwa miaka mingi, na mpepeaji wakati huo alikuwa bibi mwenyewe.

Kijana anaburuta mtungi mdogo kutoka chini ya kitanda, anauhamishia mpira wa puani, anafungua koki nusu mzunguko. Kidogo kidogo mabega ya mama yake yanashuka. Anainua mkono kuniashiria tuendelee na mazungumzo, kama mtu aliyekatishwa na simu tu.

Mtungi wa namna ile hubeba lita 680 za oksijeni. Kwa kasi ya lita mbili kwa dakika aliyoandikiwa na daktari, hudumu saa tano na dakika arobaini. Kijana analijua hilo kwa kichwa. Anajua pia kuwa fundi wa umeme wa mtaa hana mahali popote alipoandikiwa kwamba nyumba hii ina mtu wa namna hii.

Wodi ya chumba kimoja

Kwa ombi la familia hatutaji jina wala mtaa wao. Bibi ana miaka 63. Alikaanga vitumbua na maandazi kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza kwa kuni huko alikozaliwa, kisha kwa mkaa hapa mjini. Hakuwahi kuvuta sigara. Alipofika miaka 48 aliugua kifua kikuu, akameza dawa miezi yote sita bila kuruka siku, akapona. Miaka michache baadaye alianza kubanwa na kifua akipanda daladala, halafu akifagia uwanja, halafu akienda chooni, hatua ishirini na mbili kutoka mlangoni. Amezihesabu.

Madaktari huuita ugonjwa wake ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ukichanganyika na makovu ya kifua kikuu. Mitaani huitwa kifua tu. Mtu ana kifua. Kifua kimembana. Neno hilo moja hubeba pumu, kifua kikuu, moyo kupanuka na haya tunayoyazungumza, na nadhani ndiyo sababu mojawapo ya watu kuchelewa: kila mmoja anadhani anajua anachoumwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 duniani mwaka 2021. Kati ya wanaokufa nao kabla ya kufikisha miaka 70, karibu asilimia 90 ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Utafiti wa kijijini hapa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Ulaya la magonjwa ya upumuaji, uliukuta kwa asilimia 17.5 ya watu wazima waliopimwa. Karibu wote hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa.

Ni ugonjwa usioponyeka, ila hutunzika. Na utunzaji wenyewe haufanyiki hospitali. Bibi huenda kliniki mara moja kila miezi mitatu, anakaa na daktari dakika kumi na tano siku ikiwa nzuri. Saa zote zilizobaki za mwaka muuguzi wake ni kijana anayeuza vifaa vya simu Kariakoo na mtoto wa darasa la tatu.

> Saa zote zilizobaki za mwaka muuguzi wake ni kijana anayeuza vifaa vya simu na mtoto wa darasa la tatu.

Hesabu ya kijana

Mashine ile haitengenezi oksijeni. Huvuta hewa ya kawaida ya chumbani, ambayo karibu sehemu nne kwa tano ni naitrojeni, ikaichuja naitrojeni hiyo na kumwachia mgonjwa oksijeni. Ndiyo maana haihitaji kujazwa. Inachohitaji ni umeme, usiku na mchana.

Mashine ya lita tano kama hiyo hula wati 350 hivi. Bibi ameandikiwa saa 15 kwa siku. Hizo ni uniti tano na robo kila siku, uniti 157 kwa mwezi, kwa mashine peke yake.

Msomaji anayenunua LUKU ameshaona tatizo linapokuja. Kaya inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi huwekwa kwenye kundi la matumizi madogo, ambako uniti moja, pamoja na kodi na tozo, ni shilingi 122. Ukizidi, unahamishiwa kundi la kawaida na uniti inakuwa shilingi 356. Kabla ya mashine, nyumba hii ilitumia kama uniti 50: taa tatu, televisheni, pasi ya Jumapili. Ilikuwa shilingi 6,100 kwa mwezi. Sasa wanatumia kama uniti 207, na zote zinahesabiwa kwa bei ya juu. Takribani shilingi 74,000.

Nafuu ile iliwekwa kwa ajili ya mnyonge. Siku mnyonge anapougua kiasi cha kuhitaji mashine ya kupumulia, mita inamsoma kama mtu aliyefunga kiyoyozi.

Kijana ameyaandika yote haya kwenye daftari la mistari, pamoja na majina ya ndugu waliochangia mashine kupitia kundi la WhatsApp la ukoo. Kuinunua kuliwachukua miezi mitatu ya michango, na ilikuwa imeshatumika. Mchango wa mashine ulipatikana, anasema, kwa sababu mashine inaonekana. Ukiomba mchango wa uniti watu wanakuona huna haya.

Je, mtungi mkubwa usingekuwa nafuu? Mtungi mkubwa wa hospitali, ule unaofika kifuani mwa mtu mzima, hubeba lita 6,800. Kwa lita mbili kwa dakika, saa 15 kwa siku, haumalizi siku nne. Kila siku ya nne kutafuta bajaji ya kuubeba, kwenda kuujaza, kurudi. Walijaribu wiki tatu wakashindwa.

Uingereza, mgonjwa anayetumia mashine ya oksijeni nyumbani hurudishiwa gharama ya umeme inaoula, na kampuni ya umeme huweka jina lake kwenye orodha ya wateja wanaopewa kipaumbele umeme unapokatika. Najua wao ni matajiri kutushinda. Lakini orodha ya majina haigharimu mitambo, na kundi la matumizi madogo tayari tunalo.

Gesi ya mwisho

Kuna wanaopinga oksijeni ya nyumbani, na wana hoja.

Upande wa kwanza ni wa mitaani. Wakati wa Uviko-19 watu wengi waliona mgonjwa akiwekewa gesi na harudi, wakahitimisha kuwa gesi ndiyo ilimmaliza. Jirani mmoja wa bibi bado hamruhusu mwanawe kuingia chumba kile mashine ikiwa inanguruma. Bibi mwenyewe alikaa wiki mbili akiivua usiku, kwa kuogopa kuwa atazoea na mapafu yatakuwa mavivu.

Upande wa pili una uzito zaidi, nao ni wa madaktari wenyewe. Oksijeni ni dawa, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kama dawa yoyote ina wanaostahili na wasiostahili. Ushahidi wake mkubwa unatoka katika majaribio mawili, la Marekani la mwaka 1980 na la Uingereza la mwaka 1981: wagonjwa ambao oksijeni ya damu yao ilikuwa chini sana waliishi muda mrefu zaidi walipoitumia saa nyingi, angalau 15 kwa siku. Lakini jaribio jingine la Marekani, lililochapishwa mwaka 2016 na kuhusisha wagonjwa 738 ambao oksijeni yao ilikuwa imepungua kiasi tu, halikuona faida. Hawakuishi zaidi, hawakulazwa mara chache zaidi.

Maana yake ni kwamba kuna kaya zinauza kiwanja kumnunulia mzee mashine asiyoihitaji. Kuhema si kipimo. Mtu anaweza kuhema sana na oksijeni yake iko asilimia 95, kwa sababu misuli imelegea au njia za hewa zimebana. Huyo mashine itamtuliza moyo tu. Mstari wa kawaida ni asilimia 88 kushuka chini, mgonjwa akiwa ametulia, na kipimo kirudiwe baada ya wiki kadhaa akiwa hana homa wala maambukizi.

Hapo pia kuna mtego ambao ungepaswa kubandikwa katika kila duka linalouza vipimo vya kidoleni. Vipimo hivyo husoma damu kwa mwanga unaopita kwenye ngozi, na kwa ngozi nyeusi mara nyingine husoma juu kuliko ukweli. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa wagonjwa weusi walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa wenzao weupe kuwa na upungufu wa oksijeni ambao kipimo hakikuuona. Kwa hiyo asilimia 90 ya Buguruni si lazima iwe 90 kweli. Anayekaribia mstari apimwe damu ya mshipani kabla familia haijaamua kununua, au kuacha.

Na ikishanunuliwa, isiongezwe kwa huruma. Kwa wagonjwa wa aina hii kiwango kinachotafutwa ni asilimia 88 hadi 92. Wapo ambao ukiwajaza oksijeni nyingi hewa chafu hujikusanya mwilini, wanaanza kusinzia, na nyumbani watu wanafurahi kuwa leo amelala vizuri. Kasi aliyoandika daktari ibaki ileile.

La moto nalo nalisema kwa sababu niliona jiko la mkaa limewekwa mlangoni. Oksijeni haiwaki, ila hukifanya kinachowaka kiwake kwa hasira. Jiko, kiberiti, mshumaa na sigara vikae angalau mita tatu mbali. Usiku wa kukatika umeme tumieni tochi ya simu.

Pampu na uvumi

Ukweli ni kwamba wagonjwa wengi wa mapafu walio majumbani hawahitaji mashine. Wanahitaji pampu, ile ya kuvuta dawa kwa mdomo, na kujua kuitumia. Ningekuwa waziri ningeanzia hapo kabla ya kununua mtungi hata mmoja.

Pampu ina maadui wengi. Kwamba inaua moyo. Kwamba ukianza huachi. Kwamba ni ya wazee walioshindikana. Matokeo yake mgonjwa anakwenda duka la dawa muhimu na kuomba vidonge, na anavipata: aminofilini, salbutamoli ya kumeza, au vile vidonge vidogo vya prednisoloni ambavyo humfanya ajisikie mpya ndani ya siku mbili. Prednisoloni kwa siku chache kifua kinapochachamaa ni tiba sahihi. Ikinywewa miezi na miezi bila daktari hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na kulegeza misuli, ikiwamo ya kupumulia. Nimemwona mama mmoja ambaye ndugu zake walimsifu kuwa amenenepa. Uso ulikuwa umevimba kwa dawa.

Dawa ya pampu huenda moja kwa moja inakohitajika, kwa dozi ndogo sana. Ila inabidi ifike. Nilimwomba bibi anionyeshe anavyotumia yake. Aliiweka mdomoni, akabonyeza, kisha akavuta. Dawa karibu yote ilibaki kwenye ulimi. Amefanya hivyo miaka minne, na katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kumwambia amwonyeshe.

Namna yenyewe ni hii. Tikisa pampu. Toa pumzi yote taratibu. Iweke mdomoni na uibane kwa midomo, anza kuvuta polepole ndipo ubonyeze, uendelee kuvuta hadi mwisho, ushike pumzi kwa hesabu ya kumi. Subiri kama dakika moja kabla ya kuvuta tena. Kama ni pampu ya kuzuia, ile yenye dawa ya kupunguza uvimbe, sukutua mdomo kisha uteme, la sivyo utapata utando mweupe mdomoni.

Kwa mzee au mtoto, kubonyeza na kuvuta kwa pamoja ni kazi ngumu. Kuna chombo cha kati cha kuishikilia dawa hewani kwanza, na cha dukani ni ghali. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walichapisha jaribio lililowalinganisha watoto wenye pumu waliotumia chombo hicho na waliotumia chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako. Chupa ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani. Tundu likatwe liwe saizi ya mdomo wa pampu, pembeni pazibwe kwa gundi au plasta hewa isipite, mgonjwa avutie kwenye mdomo wa chupa. Kijana aliitengeneza tukiwa tunazungumza, kwa kisu kilichopashwa moto nje uani. Ilimchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Tena pampu huhesabiwa. Nyingi za salbutamoli zina mivuto 200. Anayevuta mara mbili, mara nne kwa siku, ameimaliza siku ya 25, ingawa ikitikiswa bado italia kama ina kitu.

> Amefanya hivyo miaka minne, na katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kumwambia amwonyeshe.

Kuhema si kosa la kutembea

Mgonjwa wa kifua nyumbani hukatazwa kazi zote, kwa upendo. Keti mama, tutafanya. Miezi sita baadaye mapaja yamekwisha, na mapaja yaliyokwisha yanadai oksijeni nyingi zaidi kwa kazi ileile ndogo, kwa hiyo anahema zaidi, anakatazwa zaidi.

Mjini Kampala, katika Hospitali ya Mulago, watafiti waliwachukua watu waliopona kifua kikuu lakini wakabaki na mapafu yaliyoharibika, wakawafanyisha mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki sita: kutembea, kupanda ngazi, kuinua vitu vyepesi, pamoja na masomo ya kuutunza ugonjwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Washiriki walitembea umbali mrefu zaidi na hali ya maisha yao ikawa bora. Mapafu yenyewe hayakuota upya. Miguu ndiyo iliyofanya kazi.

Bibi kwa sasa anakwenda chooni mwenyewe, na kiti cha plastiki kimewekwa kwenye hatua ya kumi na moja. Anatoa pumzi kwa midomo iliyobana anapoinuka. Anakula kidogo kidogo mara tano, maana tumbo likijaa hubana kifua kwa chini. Na kile kipepeo si ushirikina: majaribio yameonyesha kuwa upepo mwembamba usoni hupunguza hisia ya kukosa pumzi, hata pale oksijeni haijabadilika. Nyungu ndiyo ambayo daktari wake ameikataza, kwa kuwa mvuke mzito na mafuta makali humbana.

Kadi imeandikwa amepona

Kinachonikera katika habari hii yote ni kwamba Tanzania inajua kumfuata mgonjwa nyumbani. Tuliwafundisha wengine.

Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, akishiriki daktari Karel Styblo, na namna ulivyofanya kazi hapa, ya kumsajili kila mgonjwa, kumsimamia anywe dawa na kuhesabu matokeo yake kila robo mwaka, ndiyo iliyokuja kuwa mkakati wa dunia nzima. Hadi leo mgonjwa wa kifua kikuu huwa na msimamizi wa dawa nyumbani. Asipofika kliniki, anatafutwa.

Siku miezi sita inapotimia, kadi inaandikwa amepona, na daftari linafungwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili walipowapima watu 501 wa Dar es Salaam waliokuwa wamefika mwisho wa dozi au wameshaimaliza, karibu robo tatu walikuwa na mapafu yasiyofanya kazi sawasawa. Utafiti ulichapishwa mwaka 2016. Vijidudu vimekwisha, kovu limebaki, na hakuna tena mtu wa kumtafuta.

Kwenye machimbo ya Mirerani hali ni hiyo hiyo, imeongezewa vumbi. Mwanaapolo aliyechimba tanzanaiti akivuta vumbi la mwamba hubaki na silika kwenye mapafu hata akiacha mgodi; ugonjwa huendelea akiwa nyumbani kwake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, lakini wengi wao walishuka mgodini bila mkataba wowote wa kuonyesha.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kuwa na zaidi ya 137,000 nchi nzima. Hawa ndio wanaopita nyumba kwa nyumba. Wana mambo mengi tayari, uzazi, lishe, chanjo, malaria, na wapo watakaosema kuwaongezea mapafu ni kuwavunja mgongo. Sikubaliani. Kumwambia mtu nionyeshe unavyotumia pampu ni kazi ya dakika tano.

Na bima? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Bima, kwa asili yake, hulipia kinachofanyika ndani ya kuta za kituo. Bibi akizidiwa na kulazwa siku tano, oksijeni ya wodini ina mlipaji. Akitunzwa vizuri nyumbani asilazwe, mlipaji ni Kariakoo.

Mkaa wa jirani

Halafu kuna jiko. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kuitumia ifikapo mwaka 2034. Hakuna daktari wa mapafu atakayebisha. Ubishi uko kwenye kima. Mtungi mdogo wa gesi hujazwa kwa zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo, mkaa hununuliwa kwa kopo. Mama lishe anayezungusha mtaji wa siku moja hachagui mkaa kwa kukosa elimu.

Tena moshi hauna mpaka. Malawi, mwaka 2016, watafiti walichapisha matokeo ya kugawa majiko yaliyoboreshwa vijijini, katika utafiti wa watoto zaidi ya 10,000. Nimonia haikupungua. Jiko banifu bado linachoma kuni, na jirani bado anachoma zake, na takataka zinachomwa jioni.

Bibi ameacha mkaa tangu mwaka juzi. Anapikiwa kwa gesi, mtungi wa kilo sita. Lakini uani wanaishi wapangaji watano, wanne wanapikia mkaa, na dirisha lake linatazama uani. Walifanya kikao. Wakakubaliana majiko yasogezwe ukutani upande wa barabara, mkaa uwashiwe nje kabisa na uingizwe moshi ukiisha. Mpangaji mmoja aligoma, akisema naye analipa kodi. Nilimwelewa pia, mvua ikinyesha ukuta ule hauna paa.

Umeme ulirudi saa moja na robo. Mashine ililia mara moja, ikaanza kunguruma, na kijana akafunga koki ya mtungi haraka, akatazama geji, akaandika kitu kwenye daftari lake. Bibi aliniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimeshiba, akasema hiyo siyo shibe ya waandishi.

Ombi la familia hii, nililoahidi kulifikisha kwa shirika la umeme TANESCO, mdhibiti wa nishati EWURA na Wizara ya Afya, ni dogo: mgonjwa mwenye cheti cha daktari bingwa cha kutumia oksijeni nyumbani asiondolewe kwenye kundi la matumizi madogo kwa sababu ya mashine yake, na ofisi ya umeme ya wilaya iwe na namba yake ya mita ukutani.

Nilipotoka saa mbili usiku nilisimama mbele ya LUKU yao. Ilisoma uniti 4.1. Kwa mashine peke yake, taa zote zikizimwa, hizo ni saa kumi na moja na dakika arobaini hivi.